MUTOTO AMEANGUKA NA KINGA: TUANGALIE TUMBO LAKE

Ndugu wafanya kazi, na ninyi mama munaolinda nyumba, mukiona tumbo la mutoto linavimba hapa kwetu, munafikiri nini kwanza? Minyoo. Halafu bandama, kwa sababu malaria iko nyingi na bandama ya watoto wetu inakuwa kubwa. Mara nyingi munafikiri sawasawa. Lakini kuna uvimbe mwingine wa tumbo usiotoka kwa minyoo wala kwa mbu. Unatoka kwa pigo. Na lile pigo watu wamekwisha kulisahau, maana lilipita majuma matatu au mane, au mutoto hakulisema hata siku moja. Waganga wanauita uvimbe huu kisti ya pankreasi. Si ugonjwa wa kila siku, lakini unaponyeka ukijulikana, na unaweza kuua ukichezewa.

Tuchukue mufano. Baba ametoka posti ya usiku, amelala. Mutoto wake wa miaka 9 anachukua kinga, ni kusema baiskeli, bila ruhusa. Kinga ni ya mutu mukubwa, miguu yake haifiki vizuri kwenye pedali. Kwenye materemuko gurudumu la mbele linaingia katika shimo, gido inageuka, na ncha yake inamupiga tumboni, kati ya kitovu na kifua. Pumzi inakatika. Analala chini kidogo, halafu anasimama. Juu ya ngozi hakuna damu, pengine alama ndogo ya muviringo, ukubwa wa kifuniko cha chupa. Anarudisha kinga mahali pake na hasemi neno, kwa maana anaogopa fimbo.

Usiku tumbo linamuuma, anatapika mara moja. Kesho yake anaonekana nafuu, pengine anakwenda masomo. Siku ya pili au ya tatu maumivu yanarudi, na sasa yanapita mpaka mugongoni. Anakataa bukari. Anakaa ameinama mbele, magoti karibu na kifua, kwa sababu akilala chali anaumia zaidi. Mama anamupa dawa ya minyoo. Majuma yanapita, mutoto anakonda, na sehemu ya juu ya tumbo inaanza kusimama kama mutu aliyeficha mupira ndani ya shati.

PANKREASI NI NINI

Vitabu vya Kiswahili vya Tanzania vinasema kongosho. Sisi huku, kwa kufuata Kifaransa, tunasema pankreasi. Aliyepasua mbuzi au nguruwe ameiona: ni nyama laini, ndefu, yenye vinundu vinundu, imelala nyuma ya mufuko wa chakula, imekingama juu ya mifupa ya mugongo. Ina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kutia insulini katika damu, ndiyo dawa ya mwili inayotawala sukari. Kazi ya pili ni kutengeneza maji makali ya kuyeyusha chakula. Kwa mutu mukubwa yanapita lita 1 kila siku. Yanafuata mufereji mudogo mpaka ndani ya matumbo. Mufereji ule ulionekana kwanza mwaka wa 1642 katika muji wa Padua, Italia, na mutu aliyeitwa Johann Georg Wirsung, na mpaka leo waganga wanauita kwa jina lake.

Maji hayo yanayeyusha nyama na mafuta. Pengine mutauliza: kwa nini hayayeyushi pankreasi yenyewe, ambayo ni nyama? Kwa sababu yanapokuwa katika mufereji yanalala. Yanaamka yakifika katika matumbo. Lakini pankreasi ikipasuka, maji yanatoka nje ya njia yake, yanaamka mahali pasipofaa, na yanaanza kuunguza nyama iliyo karibu.

Sasa mutaona sababu gani gido ya kinga ni mbaya namna ile. Mbele kuna ncha ya chuma inayosukuma. Nyuma kuna mifupa ya mugongo isiyokubali kurudi. Pankreasi iko katikati, sawa karanga kati ya kinu na muti wa kutwangia. Mutu mukubwa ana nyama ngumu na mafuta ya kumukinga mbele. Mutoto hana. Teke la mupira, kona ya meza, kuanguka juu ya jiwe au pigo la pikipiki vinaweza kufanya vilevile, lakini waganga wa watoto katika nchi nyingi wanaijua sana gido.

Kuna pia njia nyingine zinazoumiza pankreasi bila pigo: ugonjwa wa kuvimba mashavu, mnyoo murefu unaopanda katika mufereji, mawe ya nyongo kwa watoto wenye damu ya SS, dawa fulani kali. Na wako watoto wachache waliozaliwa na kisti. Mimi leo ninashika ile ya pigo, kwa maana ndiyo wazazi wanaweza kutusaidia kuijua mapema.

UKUTA UNAOJENGWA NA MWILI

Maji yaliyotoka yanakusanyika, mara nyingi nyuma ya mufuko wa chakula. Mwili hauvumilii. Unaanza kuyazungushia ukuta. Ukuta huu si ngozi ya ndani ya kuzaliwa nayo. Ni kovu tu. Ndiyo maana waganga wanasema ni kisti ya uongo. Si kwamba ugonjwa ni wa uongo!

Mwanzoni ukuta ni mwororo kama uji. Unahitaji majuma 4 hadi 6 kuwa mugumu. Ninyi munaofanya kazi ya beto munaelewa jambo hili kupita wengine. Beto iliyomwagwa leo, nani atatoa mbao kesho na kuweka mashine juu yake? Munangoja, na kipimo cha nguvu yake munakitazama siku ya 28. Ukuta wa kisti ni vilevile. Munganga akijaribu kushona ukuta mubichi, uzi unakata nyama, mushono unaachia, na maji makali yanamwagika ndani ya tumbo lote.

Nimeandika maneno haya marefu kwa sababu ya malalamiko tunayoyasikia sana: mutoto ana uvimbe, ekografi imeuonyesha, na munganga anasema tungoje. Baba anakasirika. Anasema wanamuchezea, anasema pengine wanataka feza, anamutoa mutoto hospitali na kumupeleka mahali ambapo watamukata kesho, au ambapo watamuchanja na wembe. Baba, ile kungoja ni matibabu. Lakini ni kungoja kwa kulindwa, na mutoto anatazamwa kila mara. Siyo kungoja kwa kukaa nyumbani bila habari.

NAMNA MUNGANGA ANAVYOTAFUTA

Jambo la kwanza ni ulizo. Je, mutoto alipigwa tumboni? Alianguka wapi? Siku gani? Katika ugonjwa huu jibu la ulizo hili lina bei kupita mashine. Kwa hiyo ninawaomba, kabla ya kuja dispanseri, mukae na mutoto pembeni mumuambie kama hatapigwa. Muulize kaka zake na wale aliocheza nao. Mutoto anayeogopa fimbo atasema tu "inauma", na sisi tutachukua gute epese, tutaona malaria kidogo kama kwa watoto wengi wa huku, tutatoa dawa ya malaria, na siku zitapita.

Kiisha munganga anashika tumbo. Bandama inashuka kutoka chini ya mbavu za kushoto, ina ukingo unaosikika kwa vidole, na mutoto akivuta pumzi inashuka pamoja nayo. Kisti ya pankreasi inakaa katikati juu, au kushoto kidogo, ni ya muviringo, haitembei sana. Mikono iliyozoea inatofautisha, lakini si kila mara. Kuna uvimbe mwingine mubaya wa watoto, wa figo au wa tezi za ndani, unaoweza kufanana nayo. Kwa hiyo mashine inahitajiwa.

Katika labo wanapima amilazi na lipazi ndani ya damu. Ni majina ya yale maji makali. Yakipita kipimo, pankreasi inalia. Lakini muelewe: saa za kwanza baada ya pigo kipimo kinaweza kuwa kizuri na mutoto ana jeraha, na kipimo kikubwa sana hakisemi kama jeraha ni kubwa. Munganga anayetaka kupima mara ya pili hajakosea kazi ya kwanza.

Ekografi ndiyo rafiki yetu mukubwa hapa. Haiumi, haina sindano, haina mionzi ya radio. Wanapaka mafuta baridi juu ya tumbo na kupitisha kifaa. Maji yanaonekana meusi, nyama inaonekana ya kijivu. Munganga anapima ukubwa kwa santimetri, na anaandika. Muchunge ile karatasi! Musiifungie samaki. Juma la pili atapima tena, na bila namba ya kwanza hatajua kama uvimbe unapanda au unashuka. Skaneri inaonyesha zaidi, hasa kama pankreasi imekatika vipande viwili, lakini haiko kila mahali, na pengine itabidi mutumwe katika muji mukubwa.

Kuna kitu kimoja ambacho mutu asifanye: kuchoma uvimbe na sindano "kuona kilichomo" bila ekografi. Pengine ni mushipa mukubwa wa damu. Pengine ni kisti ya ugonjwa mwingine ambayo maji yake yakimwagika yanaleta hatari ya palepale.

SIKU ZA KUNGOJA

Mwanzoni mutoto analazwa. Hali chakula, kwa maana kila tonge linaamsha pankreasi itoe maji mengine. Serumu inapita katika mushipa, dawa ya maumivu inatolewa, na kama anatapika wanamupitisha sonde puani. Maumivu yakipungua anaanza kunywa, halafu kula kidogo kidogo vitu visivyo na mafuta mengi: uji, muchele, ndizi, samaki aliyechemshwa. Kama hawezi kula siku nyingi, wanaweza kumulisha kwa sonde ndefu inayopita mufuko wa chakula. Mutoto mwenye njaa hajengi ukuta wala hafungi kidonda, na wazazi wasidhani kama njaa ndiyo dawa.

Akirudi nyumbani kungoja, hakuna mupira, hakuna kupanda miti, hakuna kubeba ndoo. Hakuna kukandwa tumbo. Hapa ninasema na bibi zetu kwa heshima, maana wanafanya kwa mapendo: kukanda tumbo hili na maji ya moto, au kulibana na kitambaa, kunaweza kupasua kisti. Lavema, ni kusema dawa inayotiwa nyuma kwa bomba, haifiki kwenye ugonjwa na inamumaliza mutoto maji. Aspirini musimupe, inazuia damu kuganda. Na pale jamaa wanapoanza kutafuta nani amemuroga: aliyemupiga ni gido.

Kisti ndogo nyingi za watoto zinakauka zenyewe katika majuma hayo. Ekografi inasema santimetri 5, halafu 3, halafu hakuna kitu. Mutoto anarudi masomo na hapasuliwi. Hiyo ndiyo faida ya kungoja.

Lakini mumurudishe mbio, usiku au muchana, kama tumbo linakuwa gumu sawa ubao, kama maumivu yanaingia kwa gafula, kama anageuka mweupe midomo na jasho baridi, kama anatapika damu au choo kinakuwa cheusi, kama ana homa, kama macho yanakuwa ya njano, kama anatapika kila kitu. Inawezekana kisti imepasuka, imeoza, au imekula mushipa wa damu. Mama asingojee baba atoke posti. Atume mutu kwa mukubwa wa kazi, na yeye ashike njia.

KUPASUA

Majuma 6 yamepita, kisti ingali kubwa, inabana mufuko wa chakula, mutoto anashiba kwa matonge mawili na kutapika. Sasa ukuta umeshika. Munganga wa kupasua anaweza kufanya kazi.

Watu wengi wanafikiri ataikata na kuitoa yote kama jipu. Hapana. Ukuta wa kisti umeshikamana na mufuko wa chakula, matumbo na mishipa mikubwa. Kuung'oa ni kutafuta damu. Kazi yenyewe ni ya akili kupita nguvu: ni kuyapa maji mulango wa kurudi ndani. Mutoto amelazwa usingizi kamili. Munganga anafungua tumbo juu ya kitovu, anafungua ukuta wa mbele wa mufuko wa chakula, na kupitia ukuta wa nyuma anavuta maji kidogo kwa sindano, kuhakikisha kama ni kisti kweli. Halafu anakata mulango kati ya mufuko wa chakula na kisti, anashona kingo zake pamoja kuzunguka ili damu isitoke, na anatuma kipande cha ukuta katika labo. Kiisha anafunga mbele. Tangu pale maji makali yanamwagika ndani ya mufuko wa chakula, mahali ambapo hayaleti hasara, na kisti inalala kama mufuko mutupu. Munganga Anton Jurasz aliandika juu ya kazi hii mwaka wa 1931, na ingali inafanywa mpaka leo.

Kama kisti iko chini, mbali na mufuko wa chakula, wanapandisha kipande cha utumbo mwembamba na kukiunganisha nayo, kwa namna iliyopewa jina la César Roux, munganga wa Lausanne, Uswisi. Kama imeoza, au haiwezi kungoja na ukuta ni mubichi, wanaweka mupira wa kutoa maji nje, juu ya ngozi. Hiyo ndiyo namna ya zamani zaidi, Carl Gussenbauer aliieleza mwaka wa 1883. Ubaya wake ni kwamba tundu linaweza kuvuja majuma mengi na kuunguza ngozi. Na kama mufereji umekatika kabisa upande wa mukia, munganga anaweza kutoa ule mukia. Atajaribu sana kuiacha bandama, kwa maana katika nchi ya malaria mutoto asiye na bandama hana askari mumoja mukubwa. Katika hospitali fulani zenye vyombo na watu waliofundishwa, mulango ule unafunguliwa kwa bomba lenye taa linalopitia kinywani, bila kukata tumbo.

Mbele ya siku ile munganga ataomba baba au mama atie sahihi. Muulize maulizo yenu yote kabla ya kushika kalamu. Muulize pia damu: nani wa jamaa anaweza kutoa, na aende kupimwa mapema, si wakati mutoto yuko mezani. Asubuhi ya kupasuliwa mutoto asile wala asinywe kitu nje ya ruhusa. Mukate mumoja uliopitishwa kwa huruma chini ya shuka unaweza kupanda na kuingia katika mapafu wakati wa usingizi.

Baada ya kazi atakuwa na sonde puani siku kadhaa. Musiitoe, hata akilia. Ikileta damu kidogo nyeusi siku ya kwanza inaweza kuwa ya mushono, lakini damu nyekundu iliyo nyingi muite infirmiye palepale. Ataanza na maji, halafu uji. Wengi wanakaa hospitali siku 7 hadi 10, wengine zaidi. Wakati wa kutoka, munganga anawapa tarehe za ekografi. Muzifuate, kwa sababu kisti inaweza kurudi, hasa kama mufereji ungali umekatika. Na kama miezi mingi baadaye mutoto anakunywa maji mengi, anakojoa sana na kukonda, au choo chake kina mafuta yanayoelea, mulete habari: pengine kipande cha pankreasi kilichobaki kimechoka. Si jambo la mara nyingi, lakini linatunzwa.

Ulizo linalokuja karibu kila mara kwa mama: je, ataweza kupanda kinga tena? Ataweza, munganga akikubali, mara nyingi baada ya miezi michache. Lakini kabla ya siku ile, baba aitazame kinga yenyewe. Kwenye kinga nyingi za kambi, zaidi zile zilizobeba makala miaka na miaka, mipira ya gido imekwisha kupotea na bomba la chuma liko wazi, limechongoka kama pete. Tafuta mipira mipya sokoni, au ziba ncha na kipande cha muti na kuzungusha kamba ya mupira wa gurudumu, ukaze sana. Shusha kiti mpaka miguu ya mutoto iguse chini. Na gido isiyosimama imara, inayogeuka peke yake, ikazwe na ufunguo kabla ya kumupa.